Kutoka Kampala hadi mawimbi ya Bali: mwongozo kamili wa safari ya kwanza ya kuteleza mawimbini kwenye kisiwa cha volkano

Vijana wa Kampala wanaotaka kwenda kujifunza kuteleza mawimbini kwa ubao huanza kwa kuuliza nauli. Nauli ina zamu yake. Kinachotangulia ni kujua chini ya wimbi kuna nini: mchanga, mawe ya mviringo, matumbawe au lava tupu. Ukishajua hilo, kisiwa, mwezi wa safari, ubao, bima na hata viatu vya kubeba vinajipanga vyenyewe. Nimeufuata mpangilio huo hapa, nikimfikiria mtu anayeishi Uganda, ambaye hakukulia pwani, na ambaye safari hii itakuwa yake ya kwanza.

Kwa nini kisiwa cha volkano ni habari nyingine

Aliyetembea Kisoro, chini ya Muhavura na Mgahinga, ameona yale mawe meusi yenye vitundu yaliyorundikwa pembezoni mwa mashamba. Pitisha kiganja juu yake, yanakwaruza kama tupa. Lava iliyopoa namna hiyo ndiyo iliyojenga Hawaii, Réunion, visiwa vya Canary na Ngazija ya Komoro. Mara nyingi haiishii ufukweni: inaendelea chini ya maji, na matumbawe huota juu yake.

Kisha kuna suala la kina. Mlima wa Mauna Kea kule Hawaii una mita 4,207 juu ya bahari, lakini ukiupima tangu kitako chake kwenye sakafu ya bahari unapita mita 10,000. Kisiwa kilichosimama hivyo hakina kilomita nyingi za maji mafupi kukizunguka. Wimbi lililozaliwa na dhoruba ya mbali husafiri maelfu ya kilomita kwenye maji marefu bila kupoteza nguvu nyingi. Likikaribia bara lenye maji mafupi yaliyotandaa, sakafu hulipunguza kasi pole pole kabla halijafika. Kwenye kisiwa cha volkano linafika na nguvu zake, kisha linainuka ghafla.

Wimbi huvunjika likifika mahali ambapo kina ni takriban mara 1.3 ya kimo chake. Kwa hiyo wimbi la mita 1.5 litavunjika kwenye maji ya mita 2 hivi, na ukianguka, hizo mita 2 ndizo zinazokutenganisha na sakafu. Juu ya mchanga utainuka na kucheka. Juu ya mwamba utaondoka na kovu, au na jambo baya zaidi. Ndiyo maana shauri langu kubwa ni hili: nenda kisiwa cha volkano, lakini ujifunzie mahali ambapo kisiwa hicho kina mchanga.

Hatua ya 1: Chagua kisiwa, kisha ufukwe ndani ya kisiwa

Réunion inavutia, iko bahari yetu hii ya Hindi, na volkano yake, Piton de la Fournaise, hulipuka mara kwa mara. Lakini baada ya mfululizo wa mashambulizi ya papa ulioanza 2011, serikali ilipiga marufuku kuogelea na kuteleza mwaka 2013, isipokuwa ndani ya maji yaliyozingirwa na mwamba na maeneo maalumu yanayolindwa. Si mahali pa mwanafunzi.

Mauritius imezungukwa na mwamba wa matumbawe, na mawimbi yake mazuri, kama yale ya Tamarin na Le Morne, yanavunjika juu ya mwamba huo au kando yake. Irudie ukishajua kazi. Ngazija iko karibu, lugha yao ni ndugu ya Kiswahili, na mlima Karthala wenye mita 2,361 unastahili safari peke yake, ila pwani yake kubwa ni lava kali. Fuerteventura na Lanzarote, kwenye visiwa vya Canary, zina fukwe nzuri za mchanga, lakini ni Hispania, kwa hiyo unahitaji viza ya Schengen pamoja na vielelezo vyake vyote vya benki. Hawaii inadai viza ya Marekani. Ukiwa nayo tayari, maji ya Waikiki ni mapole na yanafundisha vizuri.

Kwa safari ya kwanza mimi napendekeza Bali, Indonesia. Kisiwa kina volkano hai mbili, Agung na Batur, na kina kila aina ya sakafu ndani ya mwendo wa saa chache. Kuta, Legian na Seminyak ni mchanga mtupu kwa kilomita kadhaa. Canggu mchanga wake ni mweusi, wa volkano, na pale Batu Bolong wimbi ni la taratibu, ingawa kuna mawe chini na watu wengi juu. Medewi, upande wa magharibi, ina wimbi refu linalovunjika kuelekea kushoto kwa anayeteleza, juu ya mawe ya mviringo. Keramas, mashariki, ina mchanga mweusi ufukweni lakini wimbi linavunjika juu ya mwamba, kwa kasi. Uluwatu na Padang Padang ziko chini ya majabali ya chokaa ya rasi ya Bukit, juu ya matumbawe. Mwanafunzi huenda huko kutazama tu. Kaa juu ya jabali, angalia waliobobea, jifunze kwa macho.

Kwa hiyo mpango ni huu: wiki ya kwanza Kuta au Legian, na siku za mwisho, kama mwalimu wako ameridhika, Batu Bolong.

Hatua ya 2: Panga mwezi kwa upepo

Mtu wa pwani ya Kenya au Tanzania anaijua bahari kwa kusi na kaskazi. Bali nayo ina majira yake mawili. Kuanzia Aprili hadi Oktoba hivi ni kiangazi, upepo unatoka kusini mashariki. Upepo huo ukifika pwani ya magharibi, yaani Kuta hadi Canggu, unavuma kutoka nchi kavu kwenda baharini, unalisimamisha wimbi na kulifanya liwe safi. Novemba hadi Machi ni masika, upepo unageuka kutoka magharibi, pwani hiyo inachafuka, na wazoefu wanahamia mashariki, Sanur na Nusa Dua, ambako kuna mwamba. Masika pia mito huleta takataka nyingi baharini, hasa Kuta.

Juni hadi Agosti ndipo mawimbi makubwa yanapofika kutoka dhoruba za kusini mwa bahari ya Hindi, na ndipo watalii wanapojaa. Mwanafunzi achague Mei, au Septemba hadi mwanzoni mwa Oktoba: upepo bado ni mzuri, mawimbi yamepungua kidogo, na bei za vyumba zinashuka.

Ukienda mwezi Machi, angalia kwanza tarehe ya Nyepi, siku ya ukimya ya Wahindu wa Bali. Siku hiyo uwanja wa ndege unafungwa kwa saa 24, watu hawatoki nje, na hakuna anayeruhusiwa ufukweni, mgeni naye yumo.

Hatua ya 3: Jifunze kuogelea hapa nyumbani, miezi 6 kabla

Hapa ndipo ninapotaka utumie muda wako mwingi kuliko popote. Watu wengi hapa Uganda hawajui kuogelea, hata waliokulia kando ya ziwa, na ubao usikudanganye. Kamba ya mguuni inayokufunga na ubao inaweza kukatika, na hapo utabaki wewe na maji.

Tafuta bwawa lenye mwalimu, la hoteli, shule au klabu. Ziwa Victoria liache. Kichocho kipo kwenye maji yake ya ufukweni, Entebbe na Ggaba zikiwemo, na hakuna sababu ya kuanza safari yako na ugonjwa huo. Nenda bwawani mara 2 au 3 kwa wiki. Kabla ya kulipa tiketi, nataka uweze mambo manne: kuogelea mita 200 bila kusimama wala kushika ukingo, kuelea chali dakika 10 bila wasiwasi, kuruka kwenye maji marefu ukiwa na fulana na kaptula, kupinduka, na kurudi ukingoni, na kukaa chini ya maji kwa utulivu sekunde 15 hadi 20. Hili la mwisho usilifanye hata siku moja peke yako, na usivute pumzi nyingi za haraka haraka kabla ya kuzama. Mtu hupoteza fahamu bila dalili, na bwawa la mita moja na nusu linatosha kumuua.

Kwa nini sekunde chache tu? Kwa sababu wimbi la kimo cha kifua halikushikilii chini zaidi ya hapo. Linachofanya ni kukuzungusha, unakosa kujua juu ni wapi, na anayeanza kurusha mikono humaliza hewa yake mapema. Fundisha mwili kujikunja, kulinda kichwa kwa mikono, kungoja, kisha kupanda.

Ukishaogelea vizuri, nenda Jinja siku moja ukapande mashua ya mpira kwenye maporomoko ya Nile pamoja na kampuni yenye waokoaji wa kayak. Mabwawa ya umeme, Bujagali mwaka 2012, kisha Isimba mwaka 2019, yamefunika sehemu ya maporomoko ya zamani, lakini yaliyobaki yanatosha kukupindua. Utavaa jaketi la kuokolea, na utaonja ile hali ya kuzungushwa na maji yaliyojaa povu, ambayo hayakubebi kama maji matulivu kwa sababu nusu yake ni hewa. Kumbuka tu tofauti moja: wimbi la mtoni limesimama mahali pamoja na maji ndiyo yanayopita chini yake, lakini la baharini linasafiri na inabidi ulikimbize. Mazoezi ya mtoni yanajenga moyo, mikono ijengee bwawani.

Mikono ndiyo inayochoka kwanza. Sehemu kubwa ya muda wako majini utakuwa umelala kifudifudi ukipiga makasia kwa viganja. Nyumbani lala kifudifudi sakafuni, inua kifua, vuta mikono kama unayepiga makasia, dakika 3, pumzika, rudia. Kisha zoezi la kusimama: viganja kando ya mbavu, sukuma, leta miguu yote chini ya kifua kwa mara moja, simama upande, magoti yamekunjwa, macho mbele. Usipitie kwenye magoti, maana tabia hiyo ukiibeba hadi Bali itakula siku zako nyingi kuivunja. Rudia kila asubuhi kabla ya chai.

Mwenye nafasi afanye safari ya majaribio pwani ya Kenya. Raia wa Uganda huvuka kwa kitambulisho cha taifa, basi hadi Nairobi, treni ya SGR hadi Mombasa. Sehemu kubwa ya pwani ile imekingwa na mwamba, lakini Malindi, kuelekea mlango wa mto Sabaki, mwamba umekatika, na wakati wa kusi mawimbi yanafika mpaka mchangani. Maji yana rangi ya udongo, na hayo hayo yanatosha kukuonyesha chumvi machoni ikoje, na maana ya maji kujaa na kupwa. Ni bora ujue huko kama bahari inakutisha, kuliko kugundua baada ya kuvuka bahari ya Hindi nzima.

Hatua ya 4: Karatasi

Paspoti iwe na uhai wa miezi 6 au zaidi kuanzia siku ya kuingia Indonesia, na kurasa tupu. Kuhusu viza, usimsikilize rafiki aliyekwenda na paspoti ya nchi nyingine. Indonesia ina orodha ya mataifa yanayopewa viza ya siku 30 uwanjani kwa rupia 500,000, na orodha hiyo hubadilika. Mkenya, Mnyarwanda na Mganda wanaweza kusimama kwenye mistari mitatu tofauti. Fungua tovuti rasmi ya viza ya uhamiaji wa Indonesia, chagua Uganda kama uraia, uone aina za viza unazopewa na vielelezo vyake. Balozi za Indonesia zilizo karibu ziko Nairobi na Dar es Salaam, waandikie ukikwama. Lifanye hili kabla ya tiketi, wala usilipe wakala anayekuhakikishia viza kwa mdomo.

Bali pia inatoza kila mgeni ada ya rupia 150,000 tangu Februari 2024, inayolipwa mtandaoni kabla ya kufika au uwanjani. Fomu ya kuingia nchini nayo hujazwa mtandaoni siku chache kabla. Weka nakala za kila kitu kwenye simu na kwenye karatasi.

Hatua ya 5: Afya, na kadi ya manjano

Uganda iko kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, kwa hiyo Indonesia inataka cheti chako cha chanjo, ndiyo hiyo kadi ya manjano. Chanjo huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 cheti ni cha maisha yote. Chomwa kwenye kituo kilichoidhinishwa, uone jina lako limeandikwa sawasawa na lilivyo kwenye paspoti. Kadi za kununua barabarani ni kosa la jinai, na zinakuacha bila kinga.

Chanjo ya pepopunda iwe hai, kwa sababu utakwaruzika. Kichaa cha mbwa kimekuwepo Bali tangu 2008: usiguse mbwa, na nyani wa Uluwatu wanaopora miwani usicheze nao. Ukiumwa au kukwaruzwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Dengi nayo ipo, na mbu wake huuma mchana.

Jambo ambalo wageni wa Ulaya hawaambiwi, kwa kuwa haliwahusu: wewe unaweza kusafiri na malaria ya nyumbani damuni. Dalili za malaria kali huanza mara nyingi siku 7 hadi 30 baada ya kuumwa na mbu. Maeneo ya watalii Bali hayana malaria, daktari wa huko atawaza dengi kwanza. Ukipata homa, tamka mara moja: nimetoka Uganda, naomba nipimwe malaria. Kauli hiyo inaweza kuokoa maisha.

Hatua ya 6: Tiketi, bima na mlima wenyewe

Kutoka Entebbe, njia nyepesi ni kupitia Doha kwa Qatar Airways au Dubai kwa Emirates, maana mashirika yote mawili yanatua Denpasar, mji mkuu wa Bali. Nunua tiketi moja kwa safari nzima. Ukiunganisha tiketi mbili za mashirika tofauti, ndege ya kwanza ikichelewa hakuna anayewajibika kwa ya pili, na huenda ukadaiwa viza ya kupita. Bali iko saa 5 mbele ya Uganda.

Bima ni lazima, na isome kabla ya kulipa. Tafuta mambo matatu: kama inataja kuteleza mawimbini miongoni mwa michezo inayolipiwa, kama inalipia kusafirishwa kwa dharura, na kama inalipia kuchelewa kutokana na majivu ya volkano. Hilo la tatu si la kufikirika. Mlipuko wa Agung mwaka 1963 uliua zaidi ya watu 1,000. Mwishoni mwa Novemba 2017 mlima huo huo ulifunga uwanja wa ndege wa Bali na kuwakwamisha maelfu ya abiria. Novemba 2024 majivu ya Lewotobi, volkano iliyoko kisiwa kingine kabisa, Flores, yalisababisha safari nyingi za Bali kufutwa. Bima ikinunuliwa baada ya mlipuko kutangazwa kwa kawaida hailipi, kwa hiyo inunue siku unayonunua tiketi. Acha na siku 2 au 3 za ziada kabla ya kurudi kazini.

Ukiwa huko, fuata hali ya volkano kwenye MAGMA Indonesia, huduma ya serikali yao. Kuna ngazi nne, na ngazi ya kwanza ni ya kawaida. Unaweza kupanda Batur alfajiri pamoja na mwongozaji, na ninakushauri upande, katikati ya safari, siku mabega yanapodai mapumziko.

Hatua ya 7: Pesa, chumba, usafiri

Pesa za simu za huku hazitumiki kule. Nenda na kadi ya benki uliyoithibitisha kuwa inafanya kazi nje ya nchi, na dola safi zisizokunjwa, noti kubwa, kutoka kwa wabadilishaji wa Kampala. Kule badilisha kwenye duka lenye kibali, hesabu mwenyewe mara ya mwisho na usimrudishie mtu pesa mkononi "aongeze". ATM nyingi za Indonesia hutoa pesa kwanza na kadi baadaye, watu huondoka wameisahau.

Chumba kiwe mahali unapoweza kutembea kwa miguu hadi ufukweni. Ukizoea boda za Kampala utaona pikipiki za Bali ni za kawaida, na hapo ndipo hatari ilipo: bima haitalipa kama huna leseni ya pikipiki na kibali cha kimataifa. Magari na pikipiki za kuita kwa programu za simu za Grab au Gojek zinatosha. Na dawa za kulevya, hata kidogo, hata "za rafiki", usiziguse. Sheria ya Indonesia inafika hadi adhabu ya kifo.

Hatua ya 8: Mzigo

Ubao usinunue, Kuta kila hatua chache kuna mtu anakodisha. Beba fulana ya kuogelea ya mikono mirefu inayobana mwili, maana ubao unachubua kifua na tumbo. Soko la Owino, kwenye mitumba ya nguo za michezo, huwa zinapatikana ukiwa na subira. Maji ya Bali yana joto la nyuzi 26 hadi 29, kwa hiyo huhitaji vazi zito la mpira. Ongeza kaptula isiyo na zipu, mafuta ya kuzuia jua yenye zinki (ngozi nyeusi nayo huungua baada ya saa tatu juu ya maji), viatu vyepesi vya mpira vya kutembelea kwenye mawe, dawa ya kusafishia vidonda, na chumvi za kunywa kwa ajili ya kuhara.

Hatua ya 9: Kusoma bahari kabla ya kuingia

Programu za utabiri wa mawimbi zinakupa namba nne, na wengi husoma moja tu, kimo. Soma pia muda kati ya wimbi na wimbi, kwa sekunde. Mita 1 kwa sekunde 8 ni wimbi la upepo wa karibu, halina nguvu nyingi. Mita 1 kwa sekunde 16 limetoka mbali, lina nguvu nyingi zaidi, na likifika sakafuni linainuka kuliko kimo kilichoandikwa. Mwanafunzi atafute siku za mita 1 au pungufu. Kisha mwelekeo wa upepo, kisha maji.

Maji Bali hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, tofauti hupita mita 2. Kuta maji yakipwa sana wimbi linaanguka lote kwa pamoja kwenye mchanga mgumu, na huo ni wakati wa kuvunja shingo. Ingia maji yakiwa nusu yanajaa. Asubuhi, saa 12 hadi saa 3, upepo bado umelala.

Kabla hujalowa, simama ufukweni dakika 15 na uangalie. Mahali ambapo mawimbi hayavunjiki, maji yana rangi nzito na povu linaelekea nje, hapo si salama ingawa panaonekana patulivu. Ni mkondo unaorudi baharini. Ukikuchukua usishindane nao. Kaa juu ya ubao, piga makasia sambamba na ufukwe hadi pale mawimbi yanapovunjika, na yenyewe yatakurudisha. Ukichoka inua mkono mmoja upunge, waokoaji wa Balawista wanaangalia. Ogelea kati ya bendera zao, na bendera nyekundu inamaanisha hakuna kuingia, hata kama wengine wameingia.

Hatua ya 10: Siku za kwanza majini

Lipia mwalimu siku 3 za mwanzo, ikiwezekana asiwe na wanafunzi zaidi ya wawili. Muulize kama ana mafunzo ya uokoaji. Ubao wako uwe wa sponji, futi 8 au 9, mpana. Vijana hutaka ubao mfupi kwa sababu ndio unaoonekana kwenye picha, lakini mfupi hauelei vya kutosha, hupati wimbi hata moja, na unarudi chumbani umekata tamaa.

Siku ya kwanza ni ya povu: simama kwenye maji ya kiunoni, geuza ubao uelekee ufukweni, lala, povu likusukume, simama. Lala mahali ambapo pua ya ubao iko juu ya maji kwa upana wa vidole vinne hivi. Ikizama umekwenda mbele mno, na ikiinuka sana wimbi litakupita. Ukianguka, anguka bapa kama uliyejitupa kitandani, kamwe usitangulize kichwa wala miguu iliyonyooka. Ukiibuka, mkono uwe usoni, maana ubao uko umbali wa kamba tu na huwa unarudi. Usiuweke ubao kati yako na wimbi.

Siku ya tatu au ya nne mwalimu atakutoa nyuma ya povu, kwenye mawimbi ambayo hayajavunjika. Hapo sheria ni moja kubwa: aliye karibu zaidi na mahali wimbi linapoanzia kuvunjika ndiye mwenye wimbi. Wewe mwachie. Ukirudi nje, zunguka, usipite mbele ya anayeteleza. Ubao usiutupe hata ukiogopa, nyuma yako kuna mtu. Ukikosea, omba radhi kwa sauti. Bali watu wanasamehe upesi anayeonyesha adabu. Nchi kavu nako, vikapu vidogo vya majani yenye maua vilivyowekwa chini ni sadaka, vipite kando.

Saa mbili kwa siku zinatosha. Anayekaa saa tano siku ya kwanza hawezi kuinua mkono siku ya tatu. Ukikwaruzwa na mwamba, sugua kidonda kwa brashi laini na maji safi hadi chembe zote zitoke, hata kama inauma, tia dawa, na ukae nje ya maji hadi kikauke. Kwenye joto lile kidonda kidogo huoza ndani ya siku mbili.

Ukirudi

Paspoti na kadi ya manjano vikae kwenye begi la mkononi hadi mwisho, maana maofisa wa afya Entebbe nao huiulizia kadi hiyo. Ukipata homa ndani ya wiki mbili baada ya kufika, mwambie daktari ulikuwa Bali, apime dengi pamoja na malaria. Hadi majibu yatoke tumia parasetamoli tu, siyo aspirini wala ibuprofeni, kwa sababu zikikutana na dengi huongeza hatari ya kutoka damu. Bwawani rudi wiki hiyo hiyo, mabega yakiwa bado yanakumbuka kazi.